Bakuli la Mama Furaha

Deusi mwanangu,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya na mimi nimebaki na begi lako hapa mkekani. Nimelifunga, nimelifungua, nimelifunga tena. Mambo ya shuka, sabuni, neti, na nani atakupokea stesheni ya Tabora, tumeyaongea mpaka umenichoka, nimekuona usoni. Humu sitayarudia. Nimechana karatasi za katikati kwenye daftari lako la jiografia. Usinigombeze, shule umeshamaliza.

Nataka kukuandikia habari za majirani. Najua utacheka, utasema, mama, mimi naenda kujifunza kuchomelea vyuma, majirani wa nini? Lakini baba, unaenda kupanga chumba. Kwenye nyumba ya kupanga, kati yako na mwenzako kuna tofali moja tu. Mtu akikohoa unajua amelalia upande gani. Utaishi na watu kabla hujajua majina yao, na hao hao ndio watakaojua kama leo umeamka au hujaamka. Sisi tumeishi hivyo hapa Makanyagio tangu nikubebe mgongoni kutoka Usevya. Na kuna jambo moja la nyumba hii ambalo mimi na wewe hatujawahi kuliongea. Wewe unalijua. Na mimi najua kwamba unalijua. Tumelizunguka miaka yote hii kama watu wanaozunguka choo kilichobomoka, kila mtu anaangalia mguu wake.

Ngoja nianzie mbali kidogo nipate nguvu.

Nilifika hapa nikiwa na miaka kumi na saba, wewe hata kukaa ulikuwa hujui. Baba yako alikuwa ametangulia machimboni, akasema akipata kidogo atatufuata. Unajua mwenyewe kama alitufuata. Siku ile ya kwanza mvua ilinyesha, kuni zangu zikalowa, nikawa napuliza mpaka machozi, na wewe unalia. Chumba cha pili akatoka mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, ameshika mfuniko wa sufuria, juu yake makaa yanawaka. Hakuniuliza mimi ni nani wala nimetoka wapi. Alisema tu, "Moto ninao. Wewe sufuria unayo?"

Ndiye Mama Furaha. Wazazi wake walikimbia vita Burundi, yeye mwenyewe amezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi Katumba, na karatasi za uraia anazo. Hata hivyo bombani hawakuacha kumwita Mrundi. Mimi nilimpenda. Tulikuwa tunakaa uwani tunachambua maharage, wewe na Furaha mnagombania kifuu, yeye ananichokoza:

"Nyie watu wa mpunga nyie! Msipokula wali mnasema hamjala."

"Na nyie msipoona maharage mnadhani Mungu amesafiri."

"Mungu gani asafiri aache maharage?"

Tulicheka mpaka baba mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna nini. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa mdogo.

Sikuwa jirani mzuri, nikuambie ukweli. Nilikuwa mtoto niliyebeba mtoto. Nilikuwa nafagia uchafu mpaka unapoishia mlango wangu, nauacha pale pale. Maji ya kufulia nguo nilimwaga nilipochoka, yakaenda yanakotaka. Siku moja yakaingia chini ya mlango wake yakalowesha mkeka. Mwingine angenitukana mbele ya watu. Yeye alikuja taratibu akasema, "Mama Deusi, maji yako yamekuja kunisalimia." Niliona aibu kuliko ningepigwa. Tangu siku hiyo nilijua kuna watu wanaweza kukuonyesha kosa lako na bado wakakuachia uso wako. Ukikutana na mtu wa namna hiyo huko Tabora, usimpoteze. Mimi nilimpoteza hivi.

Ulikuwa darasa la pili. Ukaugua surua. Ilikuwa ile miezi ya mvua ambayo mahindi bado mabichi shambani na ndani hakuna kitu, na mimi sikwenda kuuza maandazi kwa sababu ya kukuuguza. Mama Furaha akaleta bakuli lake la bati, lile la maua mekundu, amepika maharage na ndizi, limejaa mpaka juu. Ulikula. Ulikuwa hujala siku kadhaa, ukala. Na mimi nililamba mwiko, sikufichi.

Nikaliosha bakuli, nikaligeuza juu ya sanduku.

Sasa bibi yako, pale Usevya, alinilea na neno moja: chombo cha mtu hakirudi na njaa. Ukiletewa kitu kwenye chombo, chombo kinarudi na kitu. Mchele, basi. Kwetu ni mchele, hata kibaba kimoja. Nilishawahi kumwona bibi yako anakopa mchele nyumba ya tatu ili arudishe sahani nyumba ya pili. Na mimi sikuwa na hata punje. Nikasema moyoni, bibi atatuma mchele na watu wanaokuja na basi, nitalijaza, nitalipeleka kwa heshima. Bibi hakutuma. Njia ilikuwa imekatika kwa mvua, na nadhani na wao walikuwa hawana. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Kila siku bakuli lilikuwa zito zaidi. Nikaanza kwenda bombani alfajiri ili nisikutane naye. Nikisikia mlango wake unafunguka, wangu naurudishia.

Siku moja akaniambia kwa mbali, "Mama Deusi, siku hizi umekuwa mgeni." Aliniambia kwa kucheka. Mimi nilisikia kama anasema, bakuli langu liko wapi.

Unaona ujinga ulivyo, mwanangu? Mtu alinipa chakula, na mimi nikaanza kumkimbia kwa sababu alinipa chakula.

Halafu ikaja ile siku. Mchana, mvua inapiga bati mpaka mtu huwezi kusikia unachofikiri. Mimi nimetoka tu dukani nimelowa, nimejilaza. Wewe umekaa karibu na mlango unaandika hesabu. Ikabishwa hodi. "Hodi Mama Deusi! Hodi jamani!" Sauti yake ilikuwa kali, na mimi nikaisikia kama sauti ya mtu aliyechoka kungoja chombo chake. Nikakuangalia nikakunong'oneza, "Mwambie sipo."

Ukafungua kidogo, ukasema, "Mama hayupo."

"Ameenda wapi?"

"Sijui."

Halafu akasema, "Haya mwanangu." Alikuita mwanangu. Nilisikia nikiwa kitandani. Nikasikia miguu yake inakimbia kwenye maji, nikashusha pumzi. Nilishusha pumzi, Deusi. Hiyo pumzi ndiyo inanikaba mpaka leo.

Mwanaye Elia alikuwa mgongoni, ameshikwa na degedege. Baba Furaha alikuwa shambani Katumba, na Furaha kwa bibi yake huko huko. Simu yake ilikuwa imezima. Alikuja kwangu ili nimpigie yule kijana wa bodaboda wa mtaa wa pili, ambaye namba yake nilikuwa nayo mimi. Basi. Simu moja. Kijana alikuwa amelala ndani kwake kwa sababu ya mvua, angekuja. Mama Furaha hakumkuta mtu, akashuka mpaka barabarani, hakuna pikipiki hata moja, akaenda kwa miguu mpaka hospitali. Elia alifariki kabla ya jioni. Alikuwa hajaanza kutembea.

Hakuna aliyesema kwamba angefika mapema angepona. Wala hakuna aliyesema kwamba asingepona. Mimi nimejijibu mara nyingi, leo hivi kesho vile, na jibu halikai.

Kwenye msiba nilipika. Unakumbuka nilivyopika? Nilisugua masufuria ya watu wote mpaka vidole vikatoka damu, wanawake wakanisifia, eti Mama Deusi ni jirani wa kweli. Halafu mmoja akaniuliza, "Kwani siku ile ulikuwa wapi?" Nikasema, "Sokoni." Mama Furaha alikuwa amekaa mkekani pale pale. Aliinua macho akaniangalia, akayashusha. Na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu na kikombe cha maji. Ulinisikia.

Baada ya siku chache ukaniuliza. Tulikuwa wawili, nakuogesha. Ukasema, "Mama, ningesema upo?"

Ulikuwa hata hujui kulimaliza swali. Nikakuambia, "Inuka, nenda kacheze."

Deusi, kama kuna kitu ningeruhusiwa kukirudia katika maisha yangu, nadhani watu watafikiri ningechagua ile hodi. Labda. Lakini kuna siku nachagua hilo swali lako. Kwa sababu Elia alishakwenda, lakini wewe ulikuwa umekaa kwenye karai, una sabuni kichwani, unasubiri mtu mzima akuambie. Na mimi nikakutuma kucheza. Hukwenda. Ulikaa pale nyuma ya choo mpaka giza.

Kuanzia hapo hukufungua mlango tena. Mtu akibisha hodi unaniangalia mimi. Na ukaanza mambo ya ndoo. Ukitoka bombani na ndoo yetu unarudi na ya Mama Furaha, unaiweka mlangoni kwake, unaondoka kabla hajatoka. Miaka yote hii. Hata juzi nimekuona, na ndevu zako hizo. Watu wananiambia, "Mama Deusi umelea, mtoto ana adabu huyo." Mimi najua haikuwa adabu. Ulikuwa unalipa. Mtoto wangu alikuwa analipa deni langu kwa ndoo, na mimi nikanyamaza kwa sababu ilinisaidia na mimi kumtazama yule mama usoni.

Mama Furaha naye hakunigombeza. Hakutangaza. Tukipishana tunasalimiana, nikiumwa anamtuma mtu kuuliza. Lakini tangu siku ile hajabisha hodi mlangoni kwangu. Akitaka chumvi anasimama uwani katikati anaita. Furaha ameolewa, Baba Furaha amehamia shambani moja kwa moja, yeye amebaki peke yake pale, kati yetu tofali moja. Usiku namsikia anakohoa. Na yeye nadhani ananisikia.

Bakuli lipo. Liko chini ya vitenge vyangu kwenye sanduku. Mchele umeshapatikana mara nyingi tu, tumeula, tumeuuza. Lakini ningelijaza mchele kiasi gani sasa?

Nimefika hapa nimeweka kalamu chini. Nimekaa. Nimefikiri, kesho unapanda treni na hilo swali, unakwenda nalo kwenye chumba kipya, ukibishiwa hodi huko utashtuka na mimi sipo uniangalie. Na mimi nimeandika karatasi tatu kukuambia habari za majirani wakati jirani yangu yuko hapo anachambua maharage, nasikia ungo.

Naenda. Nitamalizia nikirudi.

Nimerudi.

Nimelitoa bakuli, nimelifuta vumbi, nimeangalia mfuko wa mchele pale pembeni. Nikauacha. Nimelipeleka tupu, Deusi. Bibi yako angenikana.

Nimesema hodi. Akasema karibu, bila kuinua kichwa. Nikasema, "Nimeleta bakuli lako."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akalipokea, akaangalia ndani kama mtu yeyote anavyoangalia.

"Tupu?"

"Tupu."

"Miaka yote hii ulikuwa bado unaliosha?"

"Nilikuwa nasubiri mchele."

"Mchele," akasema. Akalirudia lile neno kama vile halijui. "Nyie watu wa mpunga nyie." Lakini hakucheka, na mimi sikucheka.

Nikamwambia, "Siku ile nilikuwepo."

"Najua. Ndala zako zilikuwa mlangoni, zimelowa. Nilikuwa naongea na mtoto huku naziangalia. Nikasema, huyu leo hanitaki, na Elia hawezi kungoja. Nikaondoka."

"Nilidhani umefuata bakuli."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. "Bakuli?"

"Bakuli. Niliona aibu kulirudisha tupu."

Unajua alisema nini? Alisema, "Mimi miaka yote hii nilijua ni kwa sababu ya Urundi wangu. Yale maneno ya bombani. Nikasema, na Mama Deusi naye ameingia mle mle, hataki Mrundi mlangoni kwake." Akaliweka bakuli chini. "Kumbe bakuli."

Nikataka kusema hapana, mimi sikuwahi. Lakini nikakumbuka. Bombani walikuwa wananiuliza, wewe nawe unakula vya Mrundi? Na mimi nilikuwa nacheka. Sikusema neno baya, lakini nilicheka na wao ili nipewe nafasi kwenye foleni. Yeye alikuwa anasikia. Kwa hiyo siku nilipomfungia mlango, alishapewa sababu, na mimi ndiye niliyesaidia kumpa. Sijui kipi kilimuumiza zaidi, kuchukiwa miaka yote hiyo, au kugundua leo kwamba hakuchukiwa, ni bakuli tu. Nimemwona akilia kidogo, bila sauti, anaendelea kuchambua maharage. Nimekaa chini nikachambua na yeye.

Nimemwomba msamaha. Sitakudanganya ili usafiri vizuri. Alisema, "Wewe, bado. Sijui. Niache kwanza." Nimesema sawa. Kwani ningesema nini? Elia ni wake. Angekuwa kijana mdogo sasa, anakusumbua umpe jezi zako za zamani.

Halafu nilipoinuka akaniuliza, "Mtoto anaondoka kesho?"

"Kesho."

Akasema, na nayaandika kama alivyoyasema maana sitaki kuongeza wala kupunguza: "Yule mtoto mwambie ndoo zangu nilikuwa najua nani anazileta. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango nangoja aondoke, kwa sababu niliona ndivyo anavyotaka. Mwambie sijawahi kumhesabia. Siku ile alikuwa anatetemeka, mlango ameushika kwa mikono miwili. Mtoto anayesema uongo wake mwenyewe hatetemeki vile."

Kwa hiyo lile swali lako nalijibu sasa, nimechelewa, nisamehe. Ungesema nipo, ndiyo, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini haikuwa kazi yako kusema. Maneno yalikuwa yangu, wewe ulikuwa mdomo tu. Ulikuwa na miaka minane na ulimtii mama yako. Kama kuna mtu anamdai mtu kwa ajili ya Elia, mdaiwa ni mimi, na nitabaki hapa kwenye chumba hiki, tofali moja, nikilipa kwa siku nilizobakiza. Huko Tabora usimbebee mtu ndoo kwa sababu hii. Mbebee kwa sababu ni nzito.

Na mimi nina tumaini, Deusi. Dogo, lakini lipo. Amesema "bado." Hakusema kamwe.

Nitakupa barua hii ukirudi kutoka kwaya, uisome ukiwa hapa hapa nyumbani, siyo kwenye treni. Usiniamshe tuiongee, sitaweza. Ila asubuhi, kabla hujabeba begi, pita mlangoni kwake. Hujawahi kubisha hodi pale tangu ukiwa mtoto, unaweka ndoo unakimbia. Kesho usipeleke ndoo. Usipeleke mchele, wala usinunue mkate pale dukani. Nenda mikono mitupu, ubishe hodi, usimame pale pale mlangoni.

Amesema atafungua.

Mama yako